Msimu wa kulungu, msimu wa kura: kupita Maine kaskazini, 2024

Alhamisi, 31 Oktoba. Lewiston

Basi limenishusha mchana kwenye joto lisilo la Maine mwishoni mwa Oktoba. Watu wamevaa fulana, na watoto wameshaanza kuzunguka na mavazi ya Halloween. Shemeji alikuwa ananisubiri kwenye vani ya kazi, ngazi imefungwa juu. Hata mkanda sijafunga, akaniambia nyumbani baadaye, kwanza ofisi ya jiji. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupiga kura ya mapema dirishani, na Jumanne ya uchaguzi sisi tutakuwa mbali kaskazini.

Shemeji ni mtu wa Bukavu. Alimuoa dada yangu, akapata uraia, na hii ni kura yake ya kwanza tangu aapishwe. Kazi yake ni kufunga pampu za joto, zile mashine za ukutani zinazopasha nyumba joto kwa umeme. Hakuna jimbo la Marekani ambalo nyumba zake zinategemea mafuta ya kupashia joto kuliko Maine, na bei ya mafuta hayo ikipanda, simu za fundi hazilali. Tajiri wake amempa nyumba kadhaa huko Aroostook, kaunti ya kaskazini kabisa ya jimbo. Mimi niko likizo, nikasema niende kumshikia ngazi.

Kura mimi sina, nina kadi ya ukaazi tu. Nimekaa kwenye benchi nikisoma karatasi ya mfano iliyobandikwa ukutani. Majina yameshuka upande wa kushoto, na mbele ya kila jina kuna viduara vya kujaza wino: chaguo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka mwisho. Kwa urais kuna majina matano. Kwa kiti cha wilaya ya pili katika Baraza la Wawakilishi yako mawili tu: Jared Golden, Mdemokrat anayetetea kiti, na Austin Theriault, Mrepublican. Chini yao kuna mstari mtupu wa kuandika jina la mtu mwingine kwa mkono. Huo mstari mtupu nitaurudia.

Wananchi wa Maine waliupitisha mfumo huu kwa kura ya maoni mwaka 2016. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa, na kura za waliomchagua zinahamia kwa chaguo lao linalofuata. Ni rahisi hivyo. Nimesikia wanasiasa wakidai mwananchi wa kawaida hawezi kuuelewa, na sijui wanamsema mwananchi gani, maana shemeji aliumaliza kabla kahawa yangu haijapoa. Mwaka 2018 ndio uliompa Golden kiti hiki. Hesabu ya kwanza ilimweka Bruce Poliquin, Mrepublican aliyekuwa na kiti, mbele kwa kura kama 2,000. Zilipohamishwa kura za wagombea binafsi wawili, Golden akapita. Ilikuwa mara ya kwanza kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani kuamuliwa kwa njia hiyo. Poliquin alikwenda mahakamani, akashindwa na huko.

Golden mwenyewe alizaliwa hapa Lewiston. Aliacha chuo, akajiunga na kikosi cha Marines, akapigana Afghanistan na Iraq, akarudi kusoma Bates College, chuo cha hapahapa mjini. Lakini mwaka huu jina lake halitajwi bila kutajwa tarehe 25 Oktoba 2023, usiku ambao mtu mwenye bunduki aliua watu 18 katika ukumbi wa bouling na baa moja ya mji huu. Kesho yake Golden alisimama mbele ya waandishi akasema alikosea kupinga marufuku ya bunduki za kivita, akaomba wananchi wamsamehe. Mwaka mmoja umepita tangu hapo, na mabango ya "Lewiston Strong", yaani Lewiston imara, bado yako kwenye vioo vya maduka.

Jioni tulipita mtaa wa Lisbon kununua vitu vya safari. Maduka mengi huko ni ya Wasomali, walioanza kuhamia mwaka 2001. Wasomali Wabantu walifuata baadaye kidogo, na kati yao kuna wazee ambao mababu zao walichukuliwa watumwa kutoka bara la Tanga katika karne ya 19 wakapelekwa bonde la Juba. Mama mmoja wa makamo ya bibi yangu alikuwa amekaa karibu na kaunta na mfuko wa mahindi, ya kwao wenyewe, yaliyolimwa kijiji jirani cha Wales ambako jamii yao ina mashamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha aliposikia natoka Handeni akahamia Kizigua bila kuniuliza kama nakiweza. Nakiweza kwa kubabaisha. Kiswahili chake alikipata kwenye kambi za Kenya.

Nikamuuliza kama ameshapiga kura. "Tangu wiki iliyopita, mwanangu. Binti yangu alinipeleka." Nani? Akacheka, akasema kura ni siri, hata mume wake hajui.

Ijumaa, 1 Novemba. Lewiston hadi Millinocket

Siku ya kuendesha. Wilaya ya pili ya Maine ndiyo kubwa kuliko zote mashariki ya mto Mississippi, kilomita za mraba kama 70,000, yaani Rwanda na Burundi zinaingia na nafasi inabaki. Watu wake hawafiki laki saba. Ukishaipita Bangor, redio inabaki na stesheni chache, na kila stesheni ina tangazo lilelile: Golden amewageuka kuhusu bunduki, hapana, Theriault atawauza kwa wenye fedha. Kisha wimbo mmoja wa country, kisha yanaanza upya. Makumi ya mamilioni ya dola yamemwagwa hapa kwa sababu viti vinavyoshindaniwa kweli nchi nzima ni vichache, na hiki ni kimojawapo. Mwaka 2016 na 2020 Trump aliishinda wilaya hii. Maine, kama Nebraska, hugawa kura zake za urais kwa wilaya, kwa hiyo alipata kura moja ya wajumbe wanaomchagua rais kutoka huku wakati sehemu nyingine yote ya jimbo ilimkataa. Na mwaka huohuo wa 2020, Golden Mdemokrat naye akapita.

Nyumbani kwa dada yangu, kwenye meza ya jikoni, niliacha rundo la vipeperushi vilivyoletwa na posta tangu Septemba. Shemeji anavitunza kwa hasira. "Shemeji, ba bantu ba siasa bananiandikiaka kupita mama yangu," alisema, na mama yake yuko Bukavu na ana simu.

Millinocket tulifika giza likiingia. Mji huu ulijengwa kwa ajili ya karatasi. Kiwanda cha Great Northern kilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi magazeti ya miji mikubwa yalichapwa kwenye karatasi ya hapa. Kilifungwa 2008. Waliokuwa wakazi zaidi ya 7,000 mwaka 1970 sasa ni kama 4,100. Mwenye nyumba ya wageni, mzee mwenye masikio mazito, alifanya kazi kiwandani mpaka mwisho. Masikio aliyaacha kwenye mashine. Anasema mpaka leo anaweza kushika karatasi akajua uzito wake. Nikampa kipeperushi kimoja kilichobaki mfukoni, cha kumponda Golden. Akakisugua kati ya vidole viwili. "Cha nje," akasema, akakitupa. Kuhusu kilichoandikwa hakutia neno.

Jumamosi, 2 Novemba. Barabara ya 11

Leo msimu wa kulungu kwa bunduki umefunguliwa. Siku hii ya kwanza ni ya wakazi wa Maine peke yao. Wageni wa majimbo mengine wanaruhusiwa kuanzia Jumatatu. Shemeji alinipa kizibao cha rangi ya chungwa iliyokoza na kofia yake, akaniagiza nisishuke kwenye gari bila hivyo viwili, hata kama ni kwenda kujisaidia nyuma ya mti. Hasa nyuma ya mti.

Barabara ya 11 kutoka Patten kwenda kaskazini ni misonobari, ziwa, misonobari, ziwa, na mbali kushoto mlima Katahdin. Magari ya kubeba magogo yanapita katikati ya njia kwa sababu njia ni yao. Mabango ya kampeni yako hata mahali ambapo nyumba huioni. Nilianza kuyasoma kwa makini zaidi baada ya kugundua kwamba bango la Trump na bango la Golden yanaweza kusimama kwenye nyasi za nyumba moja. Si nyumba nyingi, lakini zipo. Huku Massachusetts ninakoishi ukiona hivyo utadhani mume na mke wamegombana.

Tulisimama kwenye duka moja, lile la aina ambayo huku ni kila kitu: petroli, maziwa, pizza, leseni za uvuvi, buti. Nje kulikuwa na mizani ya kuning'iniza na foleni ya magari ya pikapu. Sheria inamtaka mwindaji amlete mnyama asajiliwe, na duka kama hili ndilo kituo. Dume mmoja alivutwa juu kwa winchi, pembe nane, ulimi umetoka pembeni, damu imeganda kwenye manyoya meupe ya kifua. Mwenye duka akasoma uzito kwa sauti, wanaume wakaguna kwa kuridhika, na msichana wa miaka kama 12 aliyempiga akapigwa picha na baba yake. Kisha lebo ya plastiki ikafungwa mguuni.

Kwenye mizani ndiko nilikosikia mjadala wa kweli wa uchaguzi huu. Jamaa mmoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa akilalamikia sheria mpya ya jimbo, iliyoanza Agosti, ya kusubiri saa 72 baada ya kununua bunduki kabla ya kuichukua. Akamlaumu Golden. Kijana aliyekuwa akishikilia kamba akamwambia sheria hiyo ni ya bunge la Augusta, makao makuu ya jimbo, Golden yuko Washington, hahusiki. Mzee akasema wote ni walewale. Kijana akasema hapana: yeye Trump anampa, na Golden anampa, kwa sababu Golden alikuwa vitani na akikosea anasema amekosea. "Na hii ya kwangu," akaonyesha pikapu, ambako bunduki ya kuwindia ilikuwa imelala kwenye ala yake, "hajaigusa." Mzee akajibu kwamba atakayeanza na moja atamaliza zote. Hakuna aliyepandisha sauti. Baada ya hapo wakarudi kwenye jambo kubwa, kwamba kulungu wa binti kala sana matufaa.

Nataka niseme jambo hapa, maana nimesoma makala nyingi za magazeti ya miji mikubwa zinazowaita watu hawa wachanganyikiwa, mguu mmoja huku mmoja kule. Kijana yule hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa na maswali mawili tofauti na majibu mawili tofauti.

Kwa Golden sina uhakika hivyo. Julai aliandika kwenye gazeti la Bangor kwamba Trump atashinda na demokrasia itaendelea salama, na mpaka leo amekataa kusema yeye mwenyewe anampa nani kura ya urais. Kijana wa kamba aliita hiyo busara. Mimi naona mbunge anayewaomba watu wamwamini angeweza kuwaamini na wao kidogo.

Jioni, kwenye ukumbi wa kanisa wa mji mdogo njiani, tulikuta karamu ya maharage ya Jumamosi, desturi ya zamani ya Maine. Unalipa mlangoni, unakaa meza ndefu na watu usiowajua. Maharage yameokwa siku nzima kwa molasi, na nyama ya nguruwe ya chumvi ndani yake. Nguruwe sili, nikaishia kwenye kabichi, mkate mweusi, na vipande kadhaa vya pai ambavyo bibi wawili walishindana kunisukumia. Shemeji alikula maharage sahani mbili, akasema yamezidi sukari lakini ni maharage.

Jumapili, 3 Novemba. Fort Kent

Saa nane usiku saa za Marekani zimerudishwa nyuma saa moja. Hapo hapo simu yangu, iliyo ng'ambo ya mto kutoka Kanada, ikashika mnara wa New Brunswick, ambako saa ziko mbele kwa moja. Asubuhi simu mbili na saa ya ukutani zilitoa nyakati mbili tofauti na kila moja ilikuwa na hoja. Shemeji alitatua kwa kwenda kunywa chai.

Hapa ndipo Barabara Kuu Namba 1 ya Marekani inapoishia, au inapoanzia, kama unavyowauliza wenyeji. Ncha ya pili iko Key West, Florida. Na hapa ndipo nyumbani kwa Theriault. Kabla ya siasa alikuwa dereva wa magari ya mashindano, bingwa wa mfululizo wa ARCA mwaka 2017 na amewahi kukimbia NASCAR. Mwaka 2022 akaingia bunge la jimbo. Ana miaka 30. Jina lake ni la Kiakadia, la wazao wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Nova Scotia katika karne ya 18, na ukiendesha bondeni utalisoma kwenye visanduku vya barua mara nyingi. Wazee wanazungumza Kifaransa, na shemeji, ambaye amesoma kwa Kifaransa, ghafla akawa mtu wa nyumbani. Mhudumu wa mgahawa alimuuliza yeye ni wa wapi, akasema Bukavu, akaulizwa ni mbali na Quebec? Alileta ployes, vibibi vya unga wa ngano nyeusi vinavyopikwa upande mmoja, vimejaa matundu, unavipaka siagi. Nilikula mpaka nikaona haya.

Jumapili kuwinda ni marufuku kisheria Maine, kwa hiyo pikapu zote ziko mjini. Kwenye meza ya jirani watu walizungumzia Theriault kama mtu wanayemjua tangu akiwa mtoto: baba yake ni nani, alianza lini kuendesha. Mama mmoja alisema atampa kura kwa sababu ni wa bondeni, na basi. Mwenzake akauliza atarudisha wodi ya wazazi? Hospitali ya hapa ilifunga huduma ya kuzalisha mwaka 2023, na sasa mjamzito wa Fort Kent anaendeshwa umbali mrefu hadi Caribou au Presque Isle, theluji ikiwepo au isiwepo. Jibu halikutolewa. Kwenye redio, kwa kipindi chote nilichosikiliza, wodi hiyo haikutajwa hata mara moja.

Jumatatu, 4 Novemba. Karibu na Caribou

Kazi. Nyumba ya mkulima wa viazi, ya mbao, ghorofa mbili, tangi la mafuta kwenye chumba cha chini na jiko la kuni sebuleni. Shemeji alitoboa ukuta, mimi nikashikilia mashine ya nje isimponyoke, kisha akanyoosha bomba za shaba taratibu kwa mkono mpaka zikaingia bila kujikunja. Anavuta hewa yote kutoka kwenye bomba kwa pampu ndogo kabla ya kufungua gesi, na wakati huo hana la kufanya ila kusubiri sindano ya kipimo ishuke. Ndipo watu humletea kahawa na siasa.

Mkulima alituonyesha ghala lake, lililochimbwa nusu ardhini ili viazi visigande wala visipate joto. Huku mavuno ya Septemba yana uzito kiasi kwamba shule za Aroostook kwa desturi hufungwa ili watoto wasaidie shambani, ingawa mashine zimepunguza wanaohitajika. Bei ya viazi hapangi yeye. Mbolea hapangi yeye. Dizeli hapangi yeye. Alisema anampigia Theriault kwa sababu Wademokrat wa Portland, jiji kubwa la kusini mwa jimbo, hawajui kiazi kinatoka wapi, halafu akakubali kwamba Golden si wa Portland na amewahi kupiga kura dhidi ya chama chake mara nyingi kuliko karibu kila mtu. "Ndiyo maana nampenda," akasema, "na ndiyo maana simwamini. Siku kiti kimoja kikiamua, atakaa upande wao."

Hoja hiyo sikuwa na jibu lake. Ni hesabu halisi: mbunge mzuri wa chama usichokitaka bado ni kura moja ya kumchagua spika wa chama hicho. Nadhani huyu mkulima na yule kijana wa kamba wanamwona Golden yuleyule, wametofautiana tu anahesabiwa wapi.

Akamuuliza shemeji yeye anampa nani. Shemeji akachungulia kipimo akasema gesi iko sawa.

Jumanne, 5 Novemba. Kusini kutoka Houlton

Tumelala Houlton, ambako barabara ya I-95 inagota kwenye mpaka wa Kanada. Asubuhi nyumba moja zaidi, kisha Barabara ya 1 kuelekea kusini, kaunti ya Washington. Jua limezama kwenye saa kumi jioni na dakika chache. Baada ya saa kurudishwa, giza huku linakuja bila kubisha hodi.

Vituo Maine vinafungwa saa mbili usiku. Tuliingia kwenye mji ambao sitautaja, maana una watu mia chache na wangejitambua wote. Kura ziko kwenye ukumbi wa mji, na mlangoni kina mama wanauza keki na supu kuchangia maktaba. Kijana mmoja alikuja saa moja na nusu kujiandikisha, sheria ya Maine inaruhusu siku hiyohiyo, akapewa karatasi, akanunua biskuti.

Miji midogo huku inahesabu kwa mkono, na mtu yeyote anaruhusiwa kutazama akikaa nyuma ya kizuizi. Tukakaa. Karani akasoma namba ya waliopiga, akafungua sanduku, karatasi zikamwagwa mezani na kupangwa mafungu ya 50. Kila meza ina wawili, wa vyama tofauti. Mmoja anasoma, mwingine anachora vijiti vinne na cha tano cha kukata, kisha wanabadilishana na kuanza fungu lilelile upya. Yasipolingana wanarudia. Bibi wa meza ya karibu yetu, miwani kwenye ncha ya pua, alikuwa na sauti isiyobadilika: "Trump. King. Golden." Angus King ni seneta asiye na chama, na Kouzounas ni Mrepublican anayeshindana naye. "Trump. Kouzounas. Theriault." "Harris. King. Golden." "Trump. King. Golden." Hiyo ya mwisho ilijirudia kiasi cha kufanya shemeji anigonge goti.

Na nyingine: "Trump. Kouzounas. Hakuna." Mtu aliyejaza urais na useneta akaruka kiti cha wilaya. Sikuzitilia maanani, zilikuwa chache kwa kila fungu.

Hapa wanahesabu chaguo la kwanza tu. Ikihitajika kuhamisha chaguo, karatasi zinafungwa kwa lakiri na kubebwa mpaka Augusta. Mji huu ulimpa Trump ushindi mnene, Golden akapita kwa kura chache. Karani akabandika matokeo mlangoni, keki iliyobaki ikagawiwa bure.

Jumatano, 6 Novemba. Bangor hadi Lewiston

Trump ameshinda nchi, na wilaya hii amechukua kura yake ya wajumbe kwa mara ya tatu. Kati ya Golden na Theriault hakuna anayejua. Golden ametangaza ameshinda. Theriault anasema bado. Inaonekana hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo kura zitakwenda Augusta.

Wagombea wawili, na hakuna aliyevuka nusu? Hapo ndipo ule mstari mtupu. Kulikuwa na mgombea mmoja wa kuandikwa kwa mkono, kura zake chache, lakini kwa kuwepo kwake wagombea wakawa watatu, na mbio zilikuwa zimebana sana. Na zile "hakuna" za bibi wa miwani, jimbo zima, zilikuwa maelfu. Vyama vikaanza kubishana kama mtu aliyeacha chaguo la kwanza wazi akajaza la pili ahesabiwe vipi.

Njiani shemeji aliendesha kimya mpaka Waterville. Kuna watu wa kwao kanisani ambao kesi zao za kuomba hifadhi ya ukimbizi hazijasikilizwa, na tangu asubuhi simu yake ilikuwa inaita.

Nyongeza, Desemba

Uhamishaji wa kura ulimpa Golden ushindi. Theriault akaomba zihesabiwe upya, na Golden akabaki mshindi kwa kura kama 2,700 kati ya karibu 390,000. Kwenye wilaya hiyohiyo Trump alishinda kwa pointi kama 9. Warepublican wameshika Baraza la Wawakilishi hata hivyo, 220 kwa 215, hivyo hofu ya mkulima wa Caribou haikupata nafasi ya kujaribiwa.

Nyongeza, Novemba 2025

Golden ametangaza kwamba 2026 hagombei. Paul LePage, gavana wa zamani, naye mzaliwa wa Lewiston, alishaingia upande wa Republican tangu Mei. Shemeji amenitumia picha ya kisanduku chake cha barua. Uchaguzi bado mwaka mzima, na vipeperushi vimeshaanza.